Damu ya Gamla

Simu ilimkuta Borghild zizini, mkono mmoja ukiwa ndani ya kondoo aliyeshindwa kuzaa. Akaiacha iite mpaka ikanyamaza. Ilipoanza tena, akambana kondoo kwa goti, akaipokea kwa kidole cha mwisho na kuibana kati ya sikio na bega. Alikuwa Tarjei, yule daktari kijana wa wanyama aliyeletwa na serikali kuchunguza kulungu wa milimani.

"Ile pembe uliyonipa," Tarjei akasema, "tumeitoboa, tumesoma jeni zake."

"Sema upesi, daktari. Nina mtoto hapa anakuja matako mbele."

"Anayo. Ile aina adimu niliyokueleza. Wenzake wengi hawana."

Borghild akamvuta mwana-kondoo, akamlaza kwenye majani makavu, akamsugua mbavu mpaka akapiga chafya. Kisha akaketi palepale kwenye samadi, mama mzima wa miaka sitini na ushee, akacheka peke yake hadi kondoo wakageuka kumtazama.

Pembe ilikuwa ya Gamla. Jina hilo kwa watu wa huko ni Kizee tu, na ndivyo walivyomwita jike aliyeongoza kundi la kulungu mwitu juu ya mlima wa Skarvenut. Kulungu wa milima ile, hata majike huota pembe, na huziangusha wakishazaa. Borghild alikuwa amemfuatilia Gamla tangu theluji ianze kuyeyuka mpaka akaiokota ya kushoto, ile yenye tawi lililopinda, akampelekea Tarjei akiwa ameifunga kwenye sweta la marehemu mumewe. Alikuwa na sababu. Upande wa kaskazini, ng'ambo ya barabara kuu, mlima wa jirani ulikuwa mtupu. Kulungu wake wote walikuwa wameuawa kwa amri, wazima kwa wagonjwa, kwa ajili ya ugonjwa wa kukonda.

Ugonjwa huo haukuletwa na mdudu wala kijidudu. Ni protini ya mwilini mwa mnyama mwenyewe inayokunjika vibaya, halafu inazifundisha nyingine kukunjika vilevile, mpaka ubongo unatoboka matundu. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na hapa hata nguo hakuna, ni nyama yako mwenyewe. Mnyama anakula na anakonda, anatokwa na udenda, anasimama miguu imepanuka kama mlevi, anakufa. Dawa hakuna. Ukichemsha hakifi kitu, kwa kuwa hakuna kilicho hai cha kufa. Na udenda ukidondoka chini, udongo unautunza miaka na miaka.

Kwa hiyo siku Tarjei alipokunywa kahawa jikoni kwa Borghild na kusema kwamba kulungu hawazaliwi sawa, kwamba wengine wamerithi jeni inayowafanya waupate ugonjwa kirahisi na wengine kwa shida, mama wa watu alishika neno hilo kwa mikono miwili. Mfa maji haachi kutapatapa.

"Sikiliza basi, Borghild," Tarjei alikuwa bado anasema kwenye simu. "Sikusema hawezi kuugua. Nimesema ni vigumu zaidi kwake. Na akiupata, unakwenda polepole. Unanisikia?"

"Nakusikia, mwanangu. Njoo ule jibini."

Alisikia nusu. Mtu akishaamua anataka kusikia nini, hata umsomee maktaba nzima atatoka na lile lake moja. Tangu siku hiyo Borghild alikuwa na hakika kwamba mlima wa Skarvenut una mwokozi, na mwokozi huyo ana pembe iliyopinda. Gamla angezaa, binti zake wangezaa, damu yake ingeenea kundini, na siku ugonjwa ukivuka barabara ungekuta mlango umefungwa.

Agosti, siku moja kabla ya msimu wa kuwinda, timu yao ya wawindaji ilikutana kwenye kibanda cha mlimani kama ilivyo ada. Borghild ndiye aliyekuwa kiongozi wa timu tangu Olav, mumewe, afariki. Akasimama mbele ya jiko la kuni na kuwaeleza habari za jeni, kisha akadai waape kwamba hakuna atakayemlenga Gamla wala majike wa uzao wake.

Shemeji yake Steinar, mdogo wa Olav, alikuwa amejinyoosha kitandani na buti zake.

"Shemeji," akasema, "mimi nimelipia kibali cha kuua jike. Sasa kila nikiona jike nimwulize kwanza ukoo wake?"

"Utamjua. Wana doa jeupe begani, wote wa kwake."

"Na mimi nina kipara, wote wa kwetu. Mbona hakuna anayeniapia nisipigwe risasi?"

"Wewe toa buti kitandani kwanza, ndipo tukufikirie."

Wakacheka, wakapeana mikono. Steinar akapeana pia, tena akamimina pombe kidogo kwenye kahawa ya kila mtu ili kiapo kishike. Huyo bwana alikuwa na mdomo mchafu na moyo safi, na mlima ule aliupenda kuliko alivyompenda mke aliyemkimbia.

Kosa la Borghild halikuwa kiapo hicho. Kosa lilikuwa chumvi.

Tangu zamani za mababu, wafugaji wa bonde lile wakipeleka kondoo mlimani mwezi Juni huwawekea chumvi juu ya mawe bapa, kondoo wasizurure mbali. Na kulungu mwitu wanaipenda chumvi hiyohiyo. Usiku wanashuka, wanalamba jiwe, wanalamba hata udongo chumvi ilipochuruzikia, mpaka panakuwa shimo. Tarjei alizunguka nyumba kwa nyumba akiomba chumvi iondolewe, kwa sababu mahali ambapo ndimi zote zinakutana ndipo ugonjwa unapogawiwa. Borghild akaondoa. Mawe yake yote aliyafagia, isipokuwa moja, lile la juu kabisa kando ya ziwa dogo, ambako Gamla alizoea kuja na kundi lake.

Hakuliacha kwa ukaidi. Alikuwa amewaza vizuri, na hilo ndilo linaloumiza. Alijua kulungu aliyezoea chumvi akiikosa ataitafuta kwingine, na kwingine kulikokuwa na mawe ya chumvi ya zamani ni kaskazini, ng'ambo ya barabara, kwenye udongo wa wale waliokufa. Akaona heri chumvi imshike Gamla nyumbani, kama ilivyowashika kondoo wa baba yake na wa babu yake. Zaidi ya hapo, Gamla si anayo jeni? Hata wakilamba pamoja, yeye ni mzima, na wenzake watalamba na mzima. Kila Juni akapanda na mfuko mgongoni. Steinar alimwona mara moja akishuka na mfuko mtupu wa chumvi, akajifanya hakuuona.

Ilipita miaka mitatu mizuri. Gamla alizaa kila msimu, na binti zake walizaa, na madoa meupe yakaongezeka kundini hata mtu akaweza kuyaona kwa darubini kutoka barazani. Vichwa vya kulungu waliowindwa vilipelekwa maabara kama sheria ilivyotaka, na kila mara majibu yalikuwa safi. Borghild akanenepa kwa furaha. Watu wa dukani walipomuuliza habari za wajukuu alijibu habari za Gamla.

Mwaka wa nne, mwezi Septemba, Gamla akavunjika mguu kwenye mawe yanayoporomoka. Borghild na Steinar walimkuta amelala, kichwa juu, manyoya yanang'aa, mafuta ya kutosha mgongoni. Hakuwa na udenda wala hakukonda. Alijaribu kuinuka alipowaona na mguu ukaning'inia.

"Nipe mimi," Steinar akasema, akiishika bunduki.

"Toka." Borghild akapiga goti, akafyatua mara moja. Kisha akakaa kando yake ameweka kiganja kwenye lile doa jeupe mpaka likaanza kupoa.

Kula nyama ya Gamla, nani angethubutu? Wakakata kichwa kwa ajili ya maabara, kwa kuwa sheria ni sheria. Mwili wakaufunika kwa mawe palepale, rundo refu la kufika kiunoni, kama wazee walivyofanya kwa mbwa waliowapenda. Steinar akamwagia kahawa ya moto juu ya mawe.

"Haya, mama mkwe," akasema. "Umetusumbua vya kutosha. Lala."

Borghild alikipeleka kile kichwa maabara kwa mkono wake mwenyewe. Alitaka wasomi wa mjini wamwone kulungu aliyeshinda.

Tarjei hakupiga simu. Alikuja mwenyewe, mvua ikinyesha, akasimama mlangoni bila kuvua koti. Kijana aliyezoea kula jibini vipande vitano kabla ya salamu kwisha, siku hiyo hakuitazama hata meza.

"Alikuwa nao," akasema.

"Alikuwa na nini?"

"Ugonjwa, Borghild. Kwenye ubongo na kwenye tezi za shingo. Si wa jana huo. Huenda alikuwa nao hata siku ile nilipokupigia simu."

"Amenona! Nimemgusa mwenyewe, amenona! Ana jeni, wewe ndiye uliyesema!"

"Ndiyo sababu alinona." Tarjei akafuta mvua usoni. "Jeni ile haifungi mlango. Inauchelewesha ugonjwa njiani. Kulungu wa kawaida akiupata anakufa mapema, anaacha kuusambaza. Yeye alitembea nao miaka, anazaa, anapendeza, na udenda wake unaumwaga kila alipokula. Sasa niambie majira ya joto alikuwa anashinda wapi."

Borghild alivaa buti, akachukua fimbo, akatangulia. Walipanda mpaka kwenye ziwa dogo. Tarjei akalitazama lile jiwe lililolambwa likang'aa, akatazama shimo lililochimbwa na ndimi pembeni yake, na nyayo mbichi za kulungu zikiwa zimekanyagana matopeni kama mbele ya duka siku ya sukari ya bei nafuu.

"Nilikuomba," akasema taratibu. "Nilikuja mpaka jikoni kwako, nikakuomba."

"Nilitaka wasivuke barabara."

"Najua."

"Nilitaka wakae."

"Najua, mama. Walikaa."

Angemtukana ingekuwa afadhali. Borghild aliinama akakusanya mabonge ya chumvi yaliyobaki, akayatia mfukoni mwa koti, kazi isiyo na maana yoyote sasa, na Tarjei akamwacha afanye. Mchuma janga hula na wa kwao, na wa kwao hapa ni kundi zima la mlima.

Msimu huohuo vichwa vingine viwili vikatoka na ugonjwa, kimoja cha dume kijana, kimoja cha jike mwenye doa. Amri ikaja kutoka Oslo kama ilivyokuja kwa wale wa kaskazini. Skarvenut isafishwe. Asibaki mnyama. Borghild akaandika, akapiga simu, akasimama mkutanoni akaomba waachwe angalau wale ambao pembe zao zimepimwa, wenye jeni ya Gamla, wajaribiwe ndani ya uzio. Walimsikiliza kwa heshima, wakampa maji ya kunywa, wakaendelea na ajenda. Dua la kuku halimpati mwewe. Watu wenye mavazi meupe walipanda wakafukua lile rundo la mawe, wakatia mabaki ya Gamla kwenye pipa na kuyapeleka kuchomwa. Steinar alisimama mbali akitazama, safari hii bila neno la mzaha.

Wapiga risasi wa serikali walikuja theluji iliposhika, na pikipiki zao za theluji na helikopta. Mlio wao ulifika mpaka bondeni. Kondoo zizini walizoea, Borghild hakuzoea. Kila jioni helikopta ilipita juu ya nyumba yake imening'iniza wavu, na miguu ikichomoza kwenye matundu.

Februari ilipoingia, kundi lilikuwa limekwisha, isipokuwa majike wachache na ndama zao. Hao walikuwa wamepotea. Mkuu wa wapiga risasi alidhani wamekufa kwenye maporomoko ya theluji. Tarjei hakudhani hivyo, ndiyo maana alimjia tena Borghild jikoni, na safari hii akamkuta Steinar amekaa mezani.

"Ni wa Gamla," Tarjei akasema. "Wenye madoa. Tumewaona mara moja tu, tangu mwezi uliopita hatuwapati."

"Ashukuriwe Mungu," Steinar akasema.

"Steinar, ziwa kubwa limeganda. Wakivuka wanaingia Raudfjell, mlima wa ng'ambo. Raudfjell ni maelfu ya kulungu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuugua."

"Hao wachache hawaumwi! Umewaona mwenyewe. Wanakimbia kama upepo!"

"Hata Gamla alikimbia kama upepo."

Steinar akapiga meza, vikombe vikaruka. "Shemeji, usimwambie. Nakuapia, ukimwambia sitakanyaga tena nyumba hii. Mmemaliza mlima mzima, mkamfukua mpaka maiti! Hao waacheni. Ikiwa kuna jeni ya kuokoa, si ndiyo hiyo inayotembea huko juu? Mkiiua hiyo mtaokoa na nini?"

Tarjei akamgeukia Borghild na kusubiri.

Borghild alijua walipo. Hakuwa amewaona, lakini alijua, kama mama anavyojua mtoto wake akikasirika anakwenda kujificha wapi. Kuna ukingo chini ya mwamba wa magharibi ambapo upepo hufagia theluji yote na kuacha ukoga mweupe wa mawe, chakula cha kulungu wakati wa njaa. Helikopta haiwezi kuingia pale kwa sababu ya upepo huohuo. Gamla aliwaongoza huko kila baridi ilipozidi. Binti zake wasingeisahau njia. Na kutoka kwenye ukingo ule hadi kwenye ziwa kubwa ni mteremko mmoja tu.

Alimtazama shemeji yake. Macho yake yalikuwa ya Olav kabisa, mekundu pembeni. Alitaka kunyamaza. Hajapata kutaka kitu maishani kama alivyotaka kunyamaza wakati ule. Lakini mara ya kwanza alipofuata alichotaka ndipo alipobeba chumvi, na aliwaza maelfu ya Raudfjell wakishusha ndimi zao mahali hao wazuri wa Gamla walipopita.

"Chini ya mwamba wa magharibi," akasema. "Waende kwa miguu kutokea kusini, upepo uwe usoni mwao. Wasipige kelele, ndama wataogopa."

Steinar akainuka, akachukua kofia yake, akatoka bila kufunga mlango. Baridi ikaingia jikoni.

Kazi ile iliisha asubuhi moja tu. Mkuu wa wapiga risasi alipita kumshukuru, akasema maelekezo yalikuwa sahihi kabisa, wanyama hawakupata hata nafasi ya kukimbia. Borghild akampa kahawa kwa sababu mgeni hupewa kahawa.

Majibu ya maabara yalichukua muda. Tarjei alipopiga simu, Borghild alikuwa zizini, msimu wa kuzaa umeanza tena, na sauti ya kijana ilikuwa ndogo hata ikambidi atoke nje ili aisikie.

"Wale wa mwambani," Tarjei akasema. "Ni bora ulisikie kwangu."

"Sema."

"Ni safi. Wote. Majike na ndama. Hatukuona dalili yoyote."

Borghild aliutazama mlima. Theluji ilikuwa imeanza kuachia, miamba inatokeza, na hakukuwa na kitu kinachotembea mahali popote.

"Na jeni?"

"Borghild..."

"Nimekuuliza, Tarjei. Na jeni?"

"Wote walikuwa nayo. Lakini ugonjwa unaweza kuwa mdogo mno, tukaukosa. Labda wangekuja kuugua baadaye. Labda wasingeugua kabisa. Hatuwezi kujua sasa. Ulifanya lililokuwa sawa, na mimi ningefanya vilevile, nakuapia."

Labda wangekuwa sumu ya Raudfjell, labda wangekuwa mbegu ya kulungu wasiougua. Yeye ndiye aliyetoa njia ya kuwafikia, na mpaka anaingia kaburini hatajua alichomaliza ni kipi kati ya hivyo viwili. Alimshukuru Tarjei kwa kumwambia ukweli. Alitaka kumpigia Steinar, akakumbuka kwamba Steinar hapokei tena simu yake.

Ndani ya zizi kondoo alikuwa analia kwa uchungu. Borghild akakunja mikono ya sweta, akarudi kwake.